Pasaka: Jina moja, sikukuu mbili

KILA mwaka kati ya Machi na Aprili, mvua za masika zinapokaribia au kuanza kunyesha mkoani Tanga, waumini wa makanisa ya mjini Tanga, Muheza, Pangani, Korogwe na Lushoto huadhimisha Pasaka. Katika majuma hayo hayo, au pengine mwezi mmoja baadaye, Wayahudi popote walipo duniani nao huadhimisha sikukuu ambayo kwa Kiswahili inaitwa vilevile Pasaka.

Mkristo hukumbuka kufufuka kwa Yesu. Myahudi hukumbuka usiku ambao wazee wake walitoka utumwani Misri. Jina ni moja, lakini meza ni mbili, na kila moja ina wenyewe.

Kati ya meza hizo mbili wamesimama watu wa kundi la tatu, wanaojiita Wayahudi wa Kimasihi. Hao humkiri Yesu, ambaye kwa Kiebrania humwita Yeshua, kuwa ndiye Masihi aliyeahidiwa, na wakati huo huo huadhimisha sikukuu za Torati. Mafundisho yao yamewafikia pia Wakristo wa Afrika Mashariki wasio na nasaba ya Kiyahudi, na yamezusha swali: je, Mkristo wa Muheza au Pangani aadhimishe sikukuu hizo, na akifanya hivyo anaadhimisha kitu gani?

Swali hilo halijibiki kabla ya kuzielewa sikukuu zenyewe. Katika kuzielewa, mkazi wa Pwani ana nafuu kubwa, kwa sababu mambo mengi ambayo wageni hulazimika kufundishwa kuhusu kalenda ya Kiyahudi, yeye anaishi nayo kila siku.

Lugha iliyohifadhi jina

Mwingereza huiita sikukuu ya ufufuo Easter na Mjerumani huiita Ostern. Pasaka ya Wayahudi wana neno lake jingine. Hata tafsiri mashuhuri ya Biblia ya Kiingereza iliyochapishwa mwaka 1611 iliiita Pasaka ya Wayahudi kwa jina la Easter mahali pamoja katika Kitabu cha Matendo ya Mitume, jambo ambalo limewasumbua wasomaji wake hadi leo.

Wamisionari walioeneza Ukristo mkoani Tanga walitoka katika mataifa hayo hayo mawili. Waingereza wa UMCA walianza kazi Magila, karibu na Muheza, mwaka 1868, na Wajerumani wa Bethel walipanda milima ya Usambara katika miaka ya 1890. Hata hivyo, Kiswahili hakikuchukua jina la Kiingereza wala la Kijerumani. Kilibaki na Pasaka, neno ambalo asili yake ni Pesach ya Kiebrania, lililopitia Kigiriki kwa umbo la Pascha.

Kwa sababu hiyo, anayesoma Biblia ya Kiswahili, ikiwamo Union Version iliyotoka mwaka 1952, huliona neno lile lile katika Kitabu cha Kutoka na katika Injili. Uhusiano wa sikukuu hizo mbili uko wazi machoni pake. Hatari yake nayo ni hiyo hiyo: msomaji anaweza kudhani kwamba zimekwisha kuwa sikukuu moja.

Siku inayoanza magharibi

Sikukuu zote za Kiyahudi huanza jua linapotua. Jambo hili huwatatiza watu wanaohesabu siku kuanzia usiku wa manane, lakini halimtatizi mtu wa Tanga. Saa ya Kiswahili huanza kuhesabiwa upya jua linapotua, na wazee wa Pwani wanaposema usiku wa Ijumaa humaanisha ule unaotangulia mchana wa Ijumaa.

Mwezi wa Kiyahudi nao huanza kwa mwezi mwandamo. Zamani mashahidi waliouona mwezi walitoa taarifa mbele ya baraza mjini Yerusalemu. Siku hizi kalenda hufuata hesabu iliyopangwa. Pasaka na Sikukuu ya Vibanda zote huanza tarehe 15 ya mwezi, yaani wakati wa mbalamwezi, siku ambazo wavuvi wa Kigombe na Pangani huzijua kwa bamvua zake.

Tofauti na kalenda ya Kiislamu iko katika jambo moja. Miezi 12 ya mwandamo ina takriban siku 354, pungufu ya siku 11 hivi kwa mwaka wa jua, ndiyo maana mwezi wa Ramadhani huzunguka majira yote. Torati, kwa upande wake, inaagiza Pasaka iangukie majira ambayo shayiri hukomaa. Ili kutimiza agizo hilo, Wayahudi huongeza mwezi wa 13 katika miaka saba kati ya kila miaka 19.

Kanisa nalo lilijiwekea utaratibu wake. Mtaguso wa Nikea wa mwaka 325 ulikubaliana kwamba Wakristo wote waadhimishe Pasaka Jumapili moja, bila kutegemea hesabu ya Wayahudi. Kanuni iliyoenea baadaye ni Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa tarehe 21 Machi au baada yake. Hivyo mwaka 2024 Wakristo wa Tanga waliadhimisha Pasaka tarehe 31 Machi, ilhali Wayahudi waliketi mezani jioni ya tarehe 22 Aprili. Mwaka 2025 Pasaka ya Wayahudi ilianza jioni ya tarehe 12 Aprili, na ile ya Wakristo ikawa tarehe 20 mwezi huo huo.

Sikukuu za majira ya mavuno ya kwanza

Orodha kuu ya sikukuu za Torati imo katika Mambo ya Walawi, sura ya 23. Ya kwanza kwa mwaka ni Pasaka, inayoambatana na siku saba za mikate isiyotiwa chachu. Nje ya nchi ya Israeli Wayahudi wengi huziadhimisha siku nane. Kabla ya sikukuu, nyumba husafishwa na kila chembe ya chachu huondolewa, kwa kuwa waliotoka Misri waliondoka kwa haraka, unga wao haujaumuka.

Usiku wa kwanza familia huketi kula chakula chenye utaratibu maalumu. Mtoto mdogo kuliko wote huuliza maswali manne, ya kwanza yakitafuta sababu ya usiku huo kuwa tofauti na nyingine, na wakubwa hujibu kwa kusimulia habari ya utumwa na ukombozi. Huliwa mboga chungu kwa kukumbuka uchungu wa utumwa, na hunywewa vikombe vinne vya divai. Mikate mitatu mikavu huwekwa mezani. Ule wa katikati huvunjwa, na nusu yake hufichwa ili watoto waitafute mwishoni mwa chakula.

Wamasihi huona picha ya Yesu katika kila hatua ya meza hiyo. Mwanakondoo ambaye damu yake ilipakwa milangoni huko Misri ni yeye, kama Mtume Paulo alivyomwita Pasaka katika waraka wake wa kwanza kwa Wakorintho. Mkate uliovunjwa, ukafichwa na kisha ukapatikana, kwao ni kifo, kaburi na ufufuo. Kikombe cha tatu, kiitwacho cha ukombozi, hukihusisha na kikombe cha Karamu ya Mwisho.

Wanahistoria huweka tahadhari hapa. Sehemu kubwa ya utaratibu wa meza ya leo, ikiwamo desturi ya kuuficha mkate, ilipata umbo lake baada ya Warumi kuliteketeza Hekalu la Yerusalemu mwaka 70. Kwa hiyo mtu anayeandaa meza hiyo kanisani asidhani kwamba anarudia hasa kile ambacho Yesu na wanafunzi wake walikifanya. Anarudia meza ya Wayahudi wa vizazi vilivyofuata, waliojifunza kuiadhimisha Pasaka wakiwa hawana Hekalu wala mwanakondoo wa sadaka.

Ndani ya siku hizo za Pasaka makuhani walitoa mganda wa malimbuko ya shayiri. Waumini wa Usambara wanaopeleka kanisani mahindi, ndizi na kuku katika ibada ya mavuno, kisha vikanadiwa nje ya mlango, hawahitaji maelezo marefu kuhusu jambo hili. Wamasihi hulisoma pamoja na maneno ya Paulo anayemwita Kristo aliyefufuka malimbuko yao waliolala.

Kutoka hapo huhesabiwa siku 49, na ya 50 ni Sikukuu ya Majuma. Wayahudi huikumbuka kuwa siku ya kupewa Torati katika Mlima Sinai. Wengi hukesha wakisoma, husoma Kitabu cha Ruthu na hula vyakula vya maziwa. Wayahudi waliosema Kigiriki waliiita Pentekoste, yaani ya 50. Ndiyo siku ambayo, kwa mujibu wa Matendo ya Mitume, Roho Mtakatifu aliwashukia wanafunzi. Makanisa mengi ya Tanga yana neno Pentekoste katika majina yao, lakini si kila muumini anajua kwamba lilikuwa jina la sikukuu ya Kiyahudi kabla ya kuwa jina la kanisa.

Baragumu, toba na kibanda

Kundi la pili la sikukuu huangukia kati ya Septemba na Oktoba. Mwezi wa saba unapoandama hupigwa baragumu ya pembe ya kondoo dume. Siku hiyo Wayahudi huiita pia mwaka mpya, na hula tufaha lililochovywa katika asali wakiombeana mwaka mtamu. Waswahili husema mbiu ya mgambo ikilia ina jambo, na ndivyo ilivyo kwa pembe hii: huwaamsha watu wajikague, kwa maana siku ya hukumu imekaribia.

Siku ya 10 ni Siku ya Upatanisho, kuu kuliko zote. Wayahudi hufunga kwa takriban saa 25, bila kula wala kunywa, kuanzia kabla ya magharibi hadi nyota zitokeze jioni ya pili. Kabla yake kila mtu hutakiwa kumwomba radhi aliyemkosea, kwa kuwa inafundishwa kwamba funga hiyo haifuti dhuluma ya mtu kwa jirani yake mpaka jirani huyo aridhishwe. Alasiri husomwa Kitabu cha Yona.

Waislamu wa Pwani nao wana habari iliyo karibu na hiyo. Hadithi zinaeleza kwamba Mtume Muhammad alipofika Madina aliwakuta Mayahudi wakifunga siku ya Ashura kwa kukumbuka kuokolewa kwa Nabii Musa, naye akaifunga na kuwaamuru Waislamu waifunge. Funga ya Ashura, tarehe 10 ya Muharram, bado ni sunna hadi leo.

Siku tano baadaye huja Sikukuu ya Vibanda. Kwa siku saba Wayahudi hula, na wengine hulala, katika vibanda vya muda vinavyowakumbusha maisha ya wazee wao jangwani. Paa lazima liwe la kitu kilichoota ardhini, na mara nyingi hutumika makuti. Fundi wa Pangani huezeka makuti ili tone la mvua lisipite, lakini kibanda hiki huachwa na mianya kwa makusudi, nyota zionekane, ili anayeketi chini yake akumbuke kwamba ulinzi wake hautoki kwenye paa.

Katika sikukuu hiyo hushikwa pamoja kuti changa la mtende, matawi ya miti mingine miwili na tunda la jamii ya limau. Mwishoni mwake huombwa mvua, kwa kuwa huko Israeli ndio mwisho wa kiangazi. Mkulima wa Handeni anayetazama mawingu ya vuli mwezi Oktoba anayajua matazamio hayo.

Kwa mtazamo wa Wamasihi, sikukuu za majira ya kwanza zilikwisha kutimia katika kifo, ufufuo na Pentekoste, na hizi tatu za mwisho zingali zinangojewa. Baragumu huihusisha na kurudi kwa Kristo, Upatanisho na toba ya taifa la Israeli, na Vibanda na siku ambayo Mungu atakaa pamoja na watu wake. Huongeza pia Sikukuu ya Taa, inayokumbuka kusafishwa kwa Hekalu mwaka 164 Kabla ya Kristo baada ya kunajisiwa na Mfalme Antioko, kwa hoja kwamba Yesu mwenyewe alikuwapo Hekaluni wakati wake. Union Version, katika sura ya 10 ya Injili ya Yohana, huiita Sikukuu ya Kutabaruku.

Sikukuu ni za nani?

Makundi ya Wakristo wa asili ya Kiyahudi yalikuwapo tangu zamani. Chama chao nchini Marekani kilianzishwa mwaka 1915 kikijiita cha Wakristo wa Kiebrania, na mwaka 1975 kikabadili jina kuwa cha Wayahudi wa Kimasihi. Mabadiliko hayo yalikuwa na maana: walitaka kuonekana kwamba hawakuuacha Uyahudi. Madhehebu makuu ya Kiyahudi hayakubaliani nao, na mwaka 1989 Mahakama Kuu ya Israeli iliamua kwamba Wamasihi hawastahili kupewa uraia chini ya sheria ya kurejea kwa Wayahudi, kwa kuwa wamefuata dini nyingine.

Ndani ya Ukristo nako maoni hutofautiana. Makanisa mengi husimama juu ya Waraka kwa Wakolosai, unaosema kwamba sikukuu, mwezi mwandamo na sabato ni kivuli cha mambo yaliyokuja katika Kristo. Hata Waadventista Wasabato, waliofika Upare mwaka 1903 na ambao hushika Sabato kuanzia magharibi ya Ijumaa, hawazihesabu sikukuu hizi za mwaka kuwa faradhi.

Wayahudi wana sababu nzito ya kuhofia sikukuu zao kutafsiriwa na wengine. Huko Ulaya, kwa karne nyingi, majira ya Pasaka yalikuwa majira ya hofu kwao. Walizushiwa kwamba huchinja watoto wa Kikristo, uzushi ulioanzia mjini Norwich, Uingereza, kutokana na kifo cha mtoto mmoja mwaka 1144. Mwaka 1903, siku za Pasaka ya Kikristo, umati uliwashambulia Wayahudi wa Kishinev, mji ulioko Moldova ya leo, na kuwaua 49. Mauaji hayo yalichochea mjadala wa mpango wa Uingereza wa mwaka huo huo wa kuwapa Wayahudi makazi katika nyanda za Uasin Gishu, Kenya ya leo. Mpango ambao Wazayuni waliukataa mwaka 1905.

Afrika Mashariki ina mfano wake wa watu waliolipa gharama kwa ajili ya sikukuu hizi. Karibu na Mbale, Uganda, mwaka 1919, kiongozi wa kivita Semei Kakungulu alijitahiri yeye na wanawe, akatangaza kwamba wao ni Wayahudi. Mwanzoni kundi lake, liitwalo Abayudaya, lilichanganya desturi za Kikristo na za Torati. Mwaka uliofuata Myahudi mmoja mgeni aliwafundisha kalenda na taratibu za sikukuu, nao wakaachana na ubatizo na mambo mengine ya Kikristo.

Katika miaka ya 1970 Idi Amin aliipiga marufuku dini yao, na wengi wakaiacha. Waliobaki walisali kwa kificho. Kisha, tarehe 11 Aprili 1979, Jeshi la Wananchi wa Tanzania na wapiganaji wa Uganda waliiteka Kampala. Jua lilipotua siku hiyo, usiku ulioingia ulikuwa usiku wa kwanza wa Pasaka ya Kiyahudi. Askari waliouangusha utawala ule hawakuwa na habari hiyo, lakini kwa Abayudaya simulizi ya kutoka utumwani ilikuwa imepata tarehe ya pili.

Mwaka 2002 marabi waliwapokea rasmi mamia yao katika Uyahudi, na mwaka 2008 mmoja wao, Gershom Sizomu, alipata daraja la urabi huko Marekani. Hawa hawakuhitaji kumwona Masihi katika mkate uliovunjwa ili Pasaka iwe na maana kwao.

Mkristo wa Tanga anayeisoma Pasaka kwa macho ya Injili hafanyi jambo geni, kwani imani yake ilizaliwa katika meza hiyo. Lakini akialikwa kwenye karamu ya Pasaka ya Kimasihi, ni haki aambiwe wazi anakula nini: chakula ambacho Wayahudi wamekitunza kwa maana yao, na tafsiri ambayo Wakristo wameiweka juu yake. Akivijua vyote viwili na mpaka ulio kati yao, atakuwa ameiheshimu sikukuu yake na ya mwenzake.